Niliunga pawa ampu sebuleni, ikanitesa jioni tatu

Naandika hii nikiwa nimekaa chini kwenye zulia, mgongo kwenye kochi, mbele yangu kuna hiyo pawa ampu, mashine ya kukuza sauti ili isukume spika, boksi jeusi la kilo 18 lenye taa moja ndogo ya buluu na halitoi hata mchakacho, na huo ukimya wake jamani nimeutafuta jioni tatu. Mwanzo nilijua ni kazi ya dakika 20 tu, si ni waya mbili zinaingia na waya nne zinatoka, kuna nini hapo. Kumbe.

Kwanza kwa nini niliitaka. Nina risiva, ile ya kuangalizia muvi na kusikilizia muziki, chaneli 7, yaani inasukuma spika 7, imeandikwa wati kibao, na spika za mbele ni zile ndefu za kusimama, omu 4 (omu ni kipimo cha upinzani wa umeme). Kwa sauti ya kawaida hakuna neno, ila siku una mzuka ukapandisha kidogo besi inalegea, sauti za juu zinaanza kukwaruza masikio, na ukiweka mkono juu ya risiva unautoa fasta. Zile wati zinazoandikwa kwenye boksi mara nyingi zimepimwa chaneli 2 tu zikilia, tena kwa omu 8 au 6, sasa zikilia zote 7 transfoma ni ile ile moja wanagawana, na spika ya omu 4 inavuta mkondo mara mbili ya ile ya omu 8 kwa volti zile zile. Kwa hiyo nikawaza spika mbili za mbele nizipe misuli yake zenyewe, risiva ibaki na kazi ya akili, yaani kuchagua chanzo, kupandisha na kushusha sauti, na kusukuma vile vispika vidogo vya pembeni na nyuma.

Na kabla hujaenda mbali, usitegemee nyumba itapasuka. Kutoka wati 50 kwenda 100 unaongeza desibeli 3 tu (desibeli ndo kipimo cha ukubwa wa sauti), unaisikia lakini si kitu cha kuita majirani, ili sikio likwambie sauti imekuwa mara mbili unahitaji kama desibeli 10, na hiyo ni wati mara 10. Unachopata ni kwamba ile sauti uliyozoea inatoka bila kuhema. Mimi hicho ndo nilikuwa nakitaka.

Sasa hii habari ya akili na misuli nilikuwa naisema mdomoni tu, sikuwa nimeielewa. Pawa ampu yangu haina kitasa cha sauti. Haina remoti, haina pa kuchagua hii ni TV hii ni CD. Nyuma ina matundu ya kuingizia mawimbi, kulia na kushoto, ina skrubu kubwa nne za spika, waya wa umeme, basi. Chochote kinachoingia inakizidisha na kukitoa, haiulizi. Ukiipa muziki inatoa muziki mkubwa, ukiipa takataka inatoa takataka kubwa.

Jioni ya kwanza ndo nikafanya ujinga wenyewe. Waya za RCA, zile za kupitisha sauti kutoka mashine moja hadi nyingine, nilizokuwa nazo zilikuwa fupi hazifiki kwenye risiva, na mimi subira sina, nikasema ngoja nione tu kama mashine inafanya kazi, nikachomoa deki ya CD kwenye risiva nikaiunga moja kwa moja kwenye pawa ampu. Deki inatoa sauti, ampu inakuza, spika zinalia, si ndo hivyo? Mdogo wangu alikuwa amenishikia tochi ya simu pale nyuma. Nikabonyeza plei.

Ule haukuwa muziki. Ilikuwa kama mtu kabamiza mlango wa bati ndani ya kichwa changu, kioo cha kabati kikatetema, dogo akaangusha simu, mimi nikarukia swichi ya nyuma nikazima. Sekunde 2 hivi kwa jumla. Halafu kimya, tunatazamana, dogo ananiuliza "kaka, ndo inavyotakiwa iwe?"

Baadaye nikakaa na kalamu. Geini ya hii ampu, yaani inakuza kiasi gani, ni desibeli 29, ukiigeuza kuwa hesabu ya kawaida ni kama mara 28. Ikiingia volti 1 zinatoka volti 28, na volti 28 kwenye spika ya omu 8 ni karibu wati 100 (28 mara 28 gawa kwa 8, piga mwenyewe), kwenye omu 4 ndo mara mbili yake kama ampu inaweza. Deki ya CD inatoa mpaka volti 2 muda wote, haina cha kupunguza. Kwa hiyo nilikuwa naiomba ampu itoe volti 56 wakati yenyewe inaishia 30 na kitu. Inapofika ukomo wake inakata kichwa cha wimbi, linakuwa bapa juu na bapa chini, na wimbi lililokatwa hivyo limejaa nguvu ya sauti za juu ambazo zote zinaelekea kwenye twita, kile kispika kidogo cha sauti za juu, na twita koili yake ni nyembamba kama unywele. Twita nyingi zinakufa hivyo, watu wanasema ampu ilikuwa kubwa sana, wakati hata ampu ndogo iliyolazimishwa inaziua vizuri tu. Zangu zilipona. Niliweka sikio kwenye kila moja nikazisikia ziko hai, nikamshukuru Mungu nikaenda kulala.

Kwa hiyo kama unataka kuruka priampu (mashine ya kuchagua chanzo na kupunguza sauti kabla ya pawa ampu) au risiva ukaunga chanzo moja kwa moja, chanzo chenyewe lazima kiwe na volyumu yake inayopunguza kweli. Baadhi ya DAC, vile vya kugeuza sauti ya dijitali kuwa mawimbi ya ampu, na vile vichezeo vya kustrimu vina sehemu kwenye setingi ya kuchagua kama mtoko wake ni wa kudumu au unabadilika na volyumu, na ukikireseti kinaweza kurudi kwenye ule wa kudumu bila kukuambia. Mimi siwezi tena, roho haitulii.

Njia yenyewe kumbe ni rahisi. Nyuma ya risiva tafuta palipoandikwa PRE OUT, ni matundu ya RCA yanayotoa sauti ikiwa imeshapita kwenye volyumu lakini haijakuzwa, na kama risiva yako haina hayo matundu basi hapo pana tatizo la kuamua kabla hujanunua pawa ampu, si baada. Unachukua FRONT L na FRONT R unapeleka kwenye kushoto na kulia ya ampu. Usishike lile la SUBWOOFER, hilo linatoa besi peke yake, nimeshaona mtu kaunga hapo halafu analalamika spika zake mpya zina sauti kama za chini ya blanketi. Zile skrubu za spika za mbele kwenye risiva unaziacha wazi kabisa, hakuna kitu, na hapa kuna kosa moja baya zaidi la langu: mtu anachukua waya wa spika kutoka kwenye risiva, anaufunga plagi ya RCA, anachomeka kwenye ampu. Hayo ni makumi ya volti yanaingia mahali panaposubiri volti 1. Kuna vibox vya kushusha hiyo kitu, wa magari wanavitumia sana, lakini nyumbani ukiwa na PRE OUT huvihitaji.

Ampu yangu ina pia matundu ya XLR, yale makubwa ya pini 3 kama ya maiki. Risiva yangu haina, kwa hiyo sikuhangaika. Yana faida yake waya ukiwa mrefu, kwa sababu mawimbi yanasafiri kwenye waya mbili zinazopingana na uchafu ulioingia njiani unajifuta mwishoni, ila kwa mita 1 na nusu kutoka kabati hadi kabati sioni cha kugombania. Kama ampu ina vyote viwili kwa kawaida kuna kaswichi ka kuchagua, na kama hakajakaa sawa utakaa unashangaa hakuna sauti. Dakika 10 zangu zilikwenda hapo.

Pembeni ya hako kaswichi palikuwa na kengine, STEREO na BRIDGE. Hako kaangalie kabla ya kitu chochote. Brigi inafanya chaneli mbili ziwe moja kubwa ya kusukuma spika moja, volti zinajumlishwa, na spika ya omu 8 kila upande wa ampu unaiona kama omu 4. Spika zangu za omu 4 zingeonekana omu 2, hiyo ni kama kumwambia punda apande ngazi na gunia. Mashine iliyopita kwenye mikono ya mtu mwingine kabla yako usiamini kaswichi kapo wapi, shika tochi uangalie.

Waya za spika sasa. Hapa watu wanapenda kubishana mpaka usiku wa manane, mimi nitasema kifupi: nunua shaba kweli, ya kutosha unene, achana na mapambo. Ile ya milimita za mraba 2.5 ina kama omu 0.007 kwa kila mita, spika yangu iko mita 4 kutoka kwenye ampu, kwenda na kurudi mita 8, jumla inakuwa kama 0.055, kwa spika ya omu 4 hiyo si kitu. Ile nyembamba ya 0.75 niliyokuwa naitumia mwanzo ilikuwa kama 0.18, bado si janga lakini kwa omu 4 inaanza kuonekana. Kitu cha kuangalia ni zile za bei chee zinazong'aa ambazo ndani ni alumini iliyopakwa shaba juu, ukikwangua kwa kisu unaona nyeupe. Zinafanya kazi ila upinzani wake ni mkubwa zaidi kwa unene ule ule na zinakatika ukizikunja kunja.

Kilichokaribia kuniua mimi wala si unene, ni unywele mmoja. Nilimenya waya kwa kisu badala ya kutafuta kifaa chake, nikasokota nyuzi kwa vidole, nikaingiza kwenye tundu la skrubu nyekundu nikakaza, nikaingiza mweusi nikakaza, nikaona kazi safi. Dogo na tochi yake ndo akasema "kaka hiki ni nini?" Kuna uzi mmoja wa shaba, mwembamba hata huuoni mpaka mwanga uupige kwa ubavu, umechomoza kutoka kwenye nyekundu umejikunja umelala karibu kabisa na nyeusi, nafasi iliyobaki hata kucha haipiti. Ungegusa hiyo ni shoti ya pato la ampu, kama ampu ina ulinzi inajizima, kama haina unanusa harufu. Nikafungua zote nne. Nikamenya upya sentimita 1 tu, nikasokota kwa kufuata mkunjo wa nyuzi zenyewe, nikafunga plagi zile wanaziita banana, ambazo zinameza nyuzi zote ndani ya skrubu yake hakuna kinachochungulia. Nadhani ndo pesa ndogo iliyofanya kazi kubwa kuliko zote kwenye huu mradi.

Baada ya hapo ikawa zamu ya kuwasha, na safari hii nilikuwa mpole. Sikuunga spika kwanza. Nikaiwasha ampu tupu, nikachukua mita ya kupimia umeme, nikaiweka kwenye volti za DC za kipimo cha mili, nikagusa nyekundu na nyeusi ya kila upande. Kushoto milivolti 7, kulia 11. Chini ya 50 huna wasiwasi, ukikuta volti nzima hapo ampu ni mbovu na ukiunga spika koili ya wufa, ile spika kubwa ya besi, inageuka kuwa hita. Kisha nikazima, nikaunga vispika viwili vya zamani ambavyo vikifa hakuna wa kuvililia, volyumu ya risiva chini kabisa, nikawasha risiva kwanza halafu ampu, nikapandisha taratibu. Muziki. Nikazima tena ndo nikahamishia spika zenyewe.

Na zikalia. Ila kuna kitu hakikukaa. Besi iko wapi? Nimeongeza misuli halafu besi imepungua? Na sauti ya mwimbaji ambayo siku zote ilikuwa inakaa katikati, kama mtu kasimama mbele ya TV, sasa ilikuwa imesambaa huku na huku huwezi kuinyooshea kidole. Dogo akasema inamfanya ahisi masikio yamebanwa kama yuko kwenye lifti. Ukisikia maneno kama hayo usiangalie kingine, spika moja umeiunga kinyume. Moja inasukuma hewa wakati nyingine inavuta, besi zinakutana katikati ya chumba zinafutana. Hakuna kinachoungua, hakuna kinacholia vibaya, kwa hiyo mtu anaweza kuishi nayo mwaka mzima akiamini ampu ni mbovu.

Shida ni kwamba nilikagua mara mbili na rangi zote zilikuwa sawa, nyekundu kwa nyekundu. Waya wangu una mstari mweupe upande mmoja na nilikuwa nafuata huo mstari. Basi tukatumia betri. Unazima ampu, unachomoa waya wote wa spika kwenye ampu (hii usisahau, usipeleke betri kwenye ampu), unachukua betri ndogo ya volti 1.5, unagusisha chanya kwenye waya wa nyekundu na hasi kwenye wa nyeusi kwa mguso tu, mwenzako anaangalia wufa ikiwa imevuliwa kitambaa. Ikiruka kwenda mbele uko sawa. Ya kushoto ikaruka mbele, tap. Ya kulia ikazama ndani. Tukafuata waya na tochi nyuma ya kochi tukakuta pale nilipouunganisha miezi iliyopita kwa sababu haukufika, kipande cha pili nilikuwa nimekigeuza. Lakini mbona zamani haikusikika? Nadhani ilisikika, ni kwamba zamani nilikuwa nimegeuza na kule kwenye risiva bila kujua, makosa mawili yakafutana, na mimi nilivyounga upya kwa usahihi ndo nikaliharibu. Niliweka waya mmoja mzima usio na kiungo. Mwimbaji akarudi katikati, kasimama pale pale.

Hapo ni jioni ya pili na ningependa kusema ndo ikaisha. Nikashusha sauti ili tukale, na kwenye ule utulivu nikasikia mmmmmmm.

Huo mvumo ndo umekula muda wangu kuliko vyote na ndo sababu ya kuandika yote haya, kwa sababu nilivyotafuta ushauri nusu ya watu wanasema kitu kimoja: kata pini ya ethi. USIKATE. Hiyo pini imefungwa kwenye bodi la chuma la ampu ili siku waya wa umeme ukilegea ndani ukagusa chuma, fyuzi ikatike badala ya wewe. Mvumo unaisha kweli ukiikata, na wewe unabaki na boksi la chuma la kilo 18 ambalo siku moja linaweza kuwa laivu, na watoto wanapita hapo.

Badala yake utafute chanzo kwa kuchomoa, kimoja kimoja, kwa uvumilivu. Cha kwanza nilisikiliza kama mvumo unabadilika nikipandisha volyumu. Haukubadilika, ule ule tu hata kwenye sifuri, maana yake unaingia baada ya kitasa cha sauti, kati ya risiva na ampu. Nikazima ampu nikachomoa RCA zote mbili, nikawasha. Kimya. Basi ampu na spika hazina kosa. Nikazima nikarudisha RCA, nikawasha, mmmm. Nikaanza sasa kuchomoa vitu nyuma ya risiva, deki ya CD, bado, HDMI ya TV, bado ila ukapungua kidogo nikajidanganya nimepata, subwufa, bado. Mwisho nikiwa nishachoka nikachomoa ile kebo nene ya antena inayoingia kwenye king'amuzi. Ukakatika kama mtu kaziba mdomo.

Nikakaa nikajiuliza, hiyo kebo ipo miaka yote, mbona risiva haikuwahi kuvuma? Jibu liko kwenye plagi. Risiva yangu ina waya wa umeme wa pini mbili, haina ethi kabisa, ilikuwa inaelea. Antena ina ethi yake kule nje. Ethi moja, hakuna mzunguko. Nilipoleta pawa ampu, yenyewe ni ya pini 3, ina ethi ya ukutani, sasa ethi zikawa mbili, moja ya antena na moja ya ukuta, na hizo mbili hazilingani kabisa kabisa, kunakuwa na tofauti ndogo ya volti kati yake, mkondo unaanza kupita kwenye ile ngozi ya nje ya waya wa RCA, ampu inauona kama ni muziki, inauzidisha mara 28 kama ilivyoumbwa. Mvumo wa umeme wa ukutani ni mitetemo 50 kwa sekunde au mara mbili yake 100, wengine kwao ni 60 na 120, ndo ile sauti nzito ya nyuki. Yaani pawa ampu haikuleta kosa, ilifunga tu duara ambalo nusu yake lilikuwepo siku zote.

Dawa ilikuwa ni kaaizoleta kadogo kama kidole, unakaweka katikati ya kebo ya antena na king'amuzi, mawimbi ya TV yanapita lakini ethi haipiti. Jioni ya tatu nikakaweka, mvumo kwisha. Wenye dishi muwe makini, kule juu kwenye dishi kuna kifaa kinachokula umeme kupitia kebo hiyo hiyo, na aizoleta nyingi zinaziba huo umeme, picha itapotea. Kwa dishi bora uweke transfoma za kutenganisha kwenye RCA kati ya risiva na ampu, au kama kinachosumbua ni TV peke yake peleka sauti kwa waya wa mwanga, ule hauna shaba ndani kwa hiyo hauna ethi ya kupitisha. Na jambo la kujaribu kabla ya yote ni kuchomeka vyote kwenye soketi ya ukutani moja, ekstensheni moja nzuri, wakati mwingine inatosha hapo hapo. Mimi haikutosha.

Ukabaki mlio mdogo sana wa zzz upande wa kulia, huo nikauua kwa kusogeza tu, RCA ilikuwa imelala sambamba na waya wa umeme urefu mzima nyuma ya kabati kama wapenzi, nikazitenganisha, na pale zinapolazimika kukutana nikazipitisha msalaba. Ukiweka sikio kwenye twita sasa unasikia shhh nyepesi ya mvuke, hiyo ni kawaida ya geini, ukirudi nyuma hatua moja haipo.

Mengine ni madogo madogo. Iko chini kabisa ya kabati na risiva haikai juu yake, nimeacha nafasi ya kiganja juu na pembeni maana hii ni ya klasi AB, aina ya ampu inayotoa joto hata ikiwa haina kazi, wenye klasi D hawana hiyo shida sana kwa sababu umeme mwingi unaoingia unakwenda kweli kwenye spika. Kama una pleya ya santuri iweke mbali, transfoma kubwa ikikaa chini ya sindano utasikia mvumo ambao hakuna aizoleta ya kuutoa. Ikiwashwa inavuta umeme mwingi kwa kishindo, taa zinakonyeza, na mara moja ilishusha breka nilipoiwasha pamoja na vitu vingine kwenye ekstensheni, sasa inawashwa peke yake.

Na baada ya kuunga rudia ile setingi ya maiki ya risiva, ile ambayo risiva inazisikiliza spika na kuzisawazisha yenyewe, wengi wanaisahau. Geini ya ampu ya nje hailingani na ya ndani, kwangu spika za mbele zilikuwa zinazidi za pembeni, risiva ikazishusha desibeli 2 na nusu na mazungumzo ya kwenye muvi yakarudi mahali pake. Yenyewe iliamua spika zangu ni "kubwa" kwa vile zina besi, nikaibadilisha nikaweka ndogo na kukata kwenye hezi 80 (mitetemo 80 kwa sekunde), besi ya chini kabisa iende kwa subwufa, ampu ikapumua zaidi.

Sasa hivi sheria ya nyumba ni moja, pawa ampu inawashwa ya mwisho na kuzimwa ya kwanza. Ukizima risiva wakati ampu iko macho inatoa tu kishindo, DUM, wufa unaiona inaruka. Kuna waya wa kufanya hiyo kazi yenyewe, jeki ndogo kama ya hedifoni, risiva ikiwaka inatuma volti 12 na ampu inaamka, ikizimwa inalala. Mashine zangu zote mbili zina tundu lake. Waya wenyewe ndo sina, kwa hiyo kila usiku nainuka kwenye kochi naenda kupiga magoti nyuma ya kabati, na dogo ananicheka eti nimenunua mashine kubwa hivyo isiyo na remoti.